Michezo Isifutwe, Ihamishwe



Tangu muhula uliopita pana ubishi mabwenini: je, michezo yote ifutwe katika kompyuta za Chama, au iachwe? Wanaotaka ifutwe wana hoja, siwadharau. Kompyuta moja ilijaa pomoni hata ikakataa kuwaka. Fundi aliyeitwa kutoka mjini akafuta diski yote na kuweka Windows upya, na insha za wavulana tisa zikaenda pamoja na kazi zao za somo la ICT. Tangu siku ile mshtakiwa ni michezo. Mimi nasema kosa ni la mpangilio wa diski. Mkifuta michezo leo, na mpangilio ukabaki ule ule, insha nyingine zitapotea mwakani.

Wengi wetu hudhani kompyuta ina mahali pamoja tu pa kuwekea vitu, napo ni C. Herufi hiyo ina asili yake. A na B zilikuwa za diski laini, zile za kuchomeka na kuchomoa. IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT mwaka 1983, ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10, ile ngumu ikapewa C. Diski laini zimekwisha, mazoea yamebaki. Kila programu inapowekwa huuliza, "Nikae wapi?" na kila mtu hubonyeza kukubali bila kusoma. Zamani haikuwa na madhara makubwa. Lakini Grand Theft Auto V ilipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015 ilitaka gigabaiti 65, na Starfield ya mwaka 2023 hutaka 125 (hiyo kwetu haiwezi hata kuwaka, basi wasiotaka michezo na walale salama). Diski zetu ni za gigabaiti 240, na Windows nayo inataka pake. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu aiweza.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi hupotea, hata mafundi. Mchezo una vitu viwili. Kwanza ni mchezo wenyewe, yaani mafaili mazito aliyoyatengeneza mwenyewe, nayo yakipotea hupatikana tena. Pili ni faili dogo linaloonyesha mchezaji amefika wapi, na hilo haliuzwi popote. Vitu hivi viwili mara nyingi havikai pamoja. Ukiweka Stardew Valley katika D, shamba lako halitakuwa D. Litaandikwa katika folda iitwayo AppData, ndani ya jina lako la mtumiaji, katika C, na folda hiyo Windows huificha machoni. Minecraft ya Java huhifadhi dunia zake huko huko. Hollow Knight pia ni huko AppData, ila chumba kingine. Skyrim yenyewe huandika katika Documents. Basi mtu husema, "Michezo yangu iko D, futa C," na anaporudi akuta nyumba imesimama na mavuno hayamo. Na insha zetu zilikuwa wapi? Katika Documents na Desktop, jirani kabisa wa AppData, chini ya jina lile lile, katika C ile ile. Michezo ingalifutwa yote siku moja kabla ya fundi kuja, insha zingalipotea vile vile.

Yapasa kufanyaje? Wanaotumia Steam wana njia nyepesi: katika mipangilio ya hifadhi huongeza folda ya pili katika D, kisha huuagiza mchezo uhamie huko, nayo Steam huuhamisha yenyewe. Hata Windows ikiwekwa upya, Steam ikirudishwa na kuonyeshwa folda ile, huitambua michezo bila kuipakua mara ya pili. Kwa shule inayonunua intaneti kwa kipimo, jambo hilo si dogo. Lakini msikate folda ya mchezo kwa mkono na kuibandika penginepo, kama wafanyavyo vijana wa vidato vya chini. Windows imekwisha kuandika anwani ya kwanza katika daftari lake, nayo itaendelea kubisha hodi katika nyumba isiyo na watu.

Documents nayo huhamishika. Bonyeza kitufe cha kulia cha panya juu yake, fungua sifa zake, tafuta ukurasa wa mahali, uielekeze kwenye folda uliyoitengeneza ndani ya D. Iwe folda hasa, isiwe D yenyewe tupu, maana kuirudisha baadaye ni taabu. AppData iacheni palipo, ila kila Ijumaa mafaili ya wachezaji na nakala za insha ziingizwe katika flashi ya Chama. Na kila mwanafunzi awe na jina lake la kuingilia. Hollow Knight ina nafasi nne tu za kuhifadhi. Watu arobaini chini ya jina moja watafutiana mpaka wapigane.

Kuna ndugu mmoja atakayesema tayari tunayo D. Ndiyo, tunayo, lakini ni diski ile ile moja iliyogawanywa kama chumba kwa pazia. Hiyo yafaa fundi anapofuta C peke yake, tena awe ameonywa asiguse D. Diski yenyewe ikifa, C na D hufa pamoja.

Ama wasemao michezo hula muda wa kusoma, hilo ni shauri jingine, la saa na la mwalimu wa zamu. Ufunguo wa chumba uko mkononi mwake.

Naomba wanafunzi wa zamani wanisikie. Mwaka huu mmeuliza kama tunahitaji kompyuta nyingine. Tunashukuru, lakini kwa mawazo yangu tupeni kwanza diski ya pili kwa kila kompyuta iliyopo, hata zile ngumu za mtindo wa zamani zizungukazo. Ni za polepole, lakini kwa insha na kwa michezo ya miaka iliyopita zatosha. Kila moja hufungwa kwa nyaya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa habari, nasi wa kidato cha sita twaweza kuzifunga zote Jumamosi moja kabla ya mtihani wa majaribio.