Kobalti Chini ya Sahani
Malori ya shaba na kobalti yanapopanga foleni hapa mpakani Mokambo kungoja kuingia Zambia, mimi huwaza sahani. Alama ya kiwanda cha kauri cha Meissen, kilichoanzishwa Ujerumani mwaka 1710, ni panga mbili zilizopishana, na buluu yake ni kobalti, madini yaleyale ya kwetu. Mchoraji huichora kwa brashi kabla chombo hakijapakwa rojo la kioo, kisha moto huifungia humo ndani. Basi ukiuziwa kikombe cha kale, kigeuze upitishe ukucha juu ya alama: rangi ikiwa imeinuka, shuku. Kiinue kwenye mwanga pia, kwani kauri nyembamba hupenyeza nuru. Lakini usiziamini panga peke yake. Zimeigwa tangu karne ya 18, tena kwa ustadi mkubwa. Neno “Germany” likiwepo, kwa kawaida chombo si cha kabla ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zitajwe nchi zilikotoka. Na mikwaruzo iliyokata panga si ajali: mara nyingi ni kiwanda chenyewe kilichokiri kasoro, na muuzaji mwaminifu atakuonyesha kabla hujauliza.