Huo Mpira wa Chuma Haujui Majani Yetu

Wasee, wacheni kununua ule mpira wa chuma wa kuloweka majani. Ulichorewa majani mazima. Ya Kenya mengi ni CTC, yamepondwa yakawa punje. Matundu yakiwa makubwa, unakunywa machicha. Yakiwa madogo, punje zinavimba, zinabanana, maji hayapiti, katikati panabaki pakavu. (Na usiniambie nichemshe kwa sufuria, huku bedsitter ni birika ya stima tu.)

Tunataka kikapu kirefu cha wavu laini, chenye nafasi ya majani kuvimba, na kizibo cha kuzungusha chini. Funga, majani yalowe. Fungua, chai ishuke. Ukali unaamua wewe. Niliacha chuo, sawa, lakini fundi wa Kamukunji akipewa huu mchoro atashindwa na nini?