Hila ya leo mpakani, kesho ina dawa

Mwaka 1985, mjini Moscow, Garry Kasparov alimshangaza bingwa wa dunia wa sataranji, Anatoly Karpov, kwa ufunguzi usiotarajiwa. Katika hatua ya nane tu alitoa kete ndogo sadaka. Mchezo wa 12 uliisha sare. Katika ule wa 16, farasi mweusi alijipenyeza ngomeni kwa Karpov akakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Hatua ya 40, bingwa akasalimu amri.

Mwaka uliofuata, mjini Brussels, Karpov aliionyesha dawa yake alipocheza na John van der Wiel. Ufunguzi ukapoteza makali.

Wafanyabiashara wenzangu wa Gatuna na Rusumo, wengi wetu tunafungua mchezo namna hiyo hiyo. Tunapita njia ya panya usiku, au tunagawa mzigo mmoja kwa wabebaji watano. Ikifaulu Jumatatu tunajiona werevu. Ijumaa askari wameshaijua, na mzigo wote umekamatwa. Mtaji wa mama wa nyanya haustahimili Ijumaa mbili kama hizo.

Na ufunguzi halali upo. Bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizomo kwenye orodha ya pamoja, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani penyewe. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki, hilo tusidanganyane. Lakini ukiwa na cheti hicho huhitaji kumwomba mtu fadhila.

Lawama si yetu peke yetu. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ina makao yake makuu Kimihurura, na kutoka Kimihurura hadi foleni ya Rusumo ni mbali, kwa kilomita na kwa fikra pia. Mchezaji asiyeonyeshwa kanuni atabuni zake. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Basi orodha ya bidhaa na hatua za kupata cheti zibandikwe kwa Kiswahili kila kituo cha mpaka, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mtu mwenye kikapu kichwani anaweza kuzisoma kabla hajafika dirishani.