Shauri la Januari na Mavuno ya Novemba

Mkulima wa Likuyani hapandi mahindi kwa kusema tu, "Mwaka huu nitapata magunia mengi." Kabla ya mvua za Machi amekwisha kupima shamba, kuhesabu mbegu na mbolea, na kujua palizi itaanza lini. Lakini mwanawe aliye katika sekondari akiulizwa shauri lake la mwaka hujibu, "Nitasoma kwa bidii," na baba huridhika. Hangeridhika hata kidogo kama kibarua angemwambia, "Nitalima kwa bidii," bila kutaja ni kipande gani, wala kitakwisha siku gani.

Bidii haina kipimo, bali mtihani wa KCSE unacho. Alama zake huanzia E, yenye pointi 1, hata A, yenye pointi 12. Atakaye shahada ya chuo kikuu hana budi kupata wastani wa C+, yaani pointi 7. Tangu mtihani wa 2023 wastani huo huhesabiwa kwa Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano aliyoyashinda vizuri zaidi.

Basi mwanafunzi na achukue karatasi. Masomo 7 kwa pointi 7 ni pointi 49. Ikiwa Hesabu humpa D, ambayo ni pointi 3, amepungukiwa pointi 4, nazo lazima zitoke mahali. Akipata B katika Kiswahili na B katika Biolojia, kila moja pointi 9, pengo limezibwa. Hata hivyo, mwenye nia ya uhandisi asijidanganye kwa njia hiyo, maana kazi hiyo hutazama Hesabu na Fizikia zenyewe, wala wastani mzuri hautamfungulia mlango. Yeye atashindana na ile D mpaka iondoke.

Kushindana huko ni kazi ya kila jioni: maswali matano ya milinganyo, na siku ya Ijumaa kumpelekea mwalimu yale yaliyomshinda. Si zaidi. Wako vijana wachorao ratiba ya rangi tatu, kuanzia saa kumi alfajiri hata saa sita usiku, wakaibandika ukutani. Ratiba za namna hiyo ni nzuri kutazama, na kwa kawaida hazifiki juma la pili.

Lakini neno zito katika nchi hii ya mahindi ni kalenda. Mahindi ya huku, kando ya njia ya Eldoret na Kitale, huvunwa tangu Oktoba hata Desemba, na karatasi nyingi za KCSE hufanywa Novemba. Mwanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani jioni akayakuta mahindi yamekauka na mawingu yametanda. Baba akiita mikono ya kusaidia hana kosa, kwani karo na chakula hutoka katika mahindi yayo hayo. Kijana naye akitoroka shambani kwenda kusoma, huitwa mvivu. Binti ana mzigo mwingine juu ya huo: maji, kuni na chakula cha jioni humngoja kabla hajafungua kitabu, na taa huwashwa akiwa amekwisha kuchoka.

Jambo hili haliamuliwi Novemba kwa ugomvi. Huamuliwa Januari, baba, mama na mwanafunzi wakiwa wameketi pamoja. Kijana aweza kuahidi nusu ya kila siku shambani katika likizo ya Aprili, na tena katika ile ya Agosti. Baba naye aahidi kwamba tangu mwisho wa Septemba hatamwita, na fedha za vibarua wa siku chache za kuvuna ziwekwe kando mapema. Ndugu wa kiume wateke maji mwezi ule wa mtihani wa dada yao. Hakuna aliyepata kuugua kwa kubeba ndoo. Kisha ile kalenda ya duka iliyotundikwa ukutani iteremshwe, na siku za mtihani ziandikwe kwa mkono wa baba mwenyewe, karibu na siku ya kuvuna.