Usiache Mbachao: Lugha ya Jiko na Ukili katika Visiwa vya Lamu

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara yoyote ya Kiswahili nchini Kenya, akiulizwa habari za Utendi wa Mwana Kupona, hatababaika. Atataja kwamba ulitungwa mwaka 1858, kwamba Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwamba aliutunga akiwa mgonjwa ili amwusie bintiye, na kwamba kila kipande kina mizani nane. Akiwa hodari zaidi, ataeleza kwa nini Mwamu husema mato badala ya macho, na mtele badala ya mchele. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa mtele huo ulipikwaje, ni nini kinachotofautisha tui la kasimile na tui jepesi, au kifumbu hutumiwaje na husukwa kwa nini, aghalabu atanyamaza. Pengine atacheka na kusema kwamba hayo si maswali ya chuo kikuu.

Makala haya yanashikilia kwamba hayo ni maswali ya chuo kikuu, na kwamba kuyapuuza ni kosa ambalo taaluma ya Kiswahili imelirudia kwa muda mrefu. Wataalamu wameuhifadhi ushairi wa Lamu na Pate kwa juhudi inayostahili sifa. Nyumba ulimozaliwa ushairi huo, pamoja na lugha ya kazi za nyumba hiyo, imeachiwa watalii na wapiga picha.

Ikumbukwe kwamba washairi wenyewe hawakuidharau nyumba. Utendi wa Mwana Kupona ni wosia wa nyumbani, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na sehemu kubwa yake yahusu mwenendo wa mwanamke katika maskani yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi fahari ya Pate ilivyoporomoka, hakuhesabu mizinga wala majeshi. Aliingia majumbani, akaonyesha zidaka zilizokuwa zimepangwa vyombo vya thamani zikiwa zimegeuka viota vya ndege. Kwa mshairi huyo, msiba wa mji ulionekana kwanza ukutani mwa nyumba. Msomaji asiyejua kidaka ni nini hawezi kuuhisi msiba huo. Na anayejua kidaka cha ukutani peke yake, asijue kwamba kidaka ni jina pia la tunda changa la mnazi kabla halijawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi, ameijua nusu tu ya neno.

Hebu ichukuliwe kazi moja ya kila siku, nayo ni kupika wali wa nazi. Nazi hufuliwa kwanza kwa kifuo, kisha huvunjwa, kisha hukunwa juu ya mbuzi. Machicha hutiwa maji kidogo, hupakiwa katika kifumbu na kukamuliwa kwa kusokotwa mpaka litoke tui zito, ambalo ndilo kasimile. Kasimile huwekwa kando. Machicha yale yale hutiwa maji mengine ili litoke tui jepesi, na hilo ndilo linalotangulia chunguni pamoja na mchele na chumvi. Maji yakikaribia kukauka, kasimile humiminwa juu, chungu hufunikwa, na wali hupaliwa, yaani huwekewa makaa ya moto juu ya kifuniko ili uive kutoka juu na chini. Mwishoni hubaki ukoko, unaogombewa na watoto.

Katika kazi hiyo moja mna kufua, kukuna, kukamua, kumimina na kupalia. Kila kitenzi kina maana zake nyingine nje ya jiko. Kufua ni kazi ya dobi na ni kazi ya mhunzi. Kupalia ni kuweka makaa juu ya chungu, na pia ni yale yanayompata mlaji ambaye chakula kimempitia njia siyo. Mwalimu wa semantiki anayetafuta mifano ya polisemia na homonimia hana haja ya kuifuata mbali. Isitoshe, kamusi zinayo mengi ya maneno haya. Kasimile, kifumbu na kifuo si siri ya watu wa Lamu. Ila kamusi humpa msomaji mstari mmoja wa maana, haimpi mpangilio wa kazi, wala haimwelezi kwa nini tui jepesi ndilo linalotangulia na zito likafuata. Elimu hiyo imo mikononi na vinywani mwa wapishi, nayo hupitishwa kwa kutazama na kusahihishwa.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba jiko la visiwani haliwezi kutenganishwa na ususi. Kifumbu kinachokamua tui kimesukwa. Vivyo hivyo kung'uto la kuchujia, uteo wa kupetea mchele, kawa ya kufunikia chakula, pakacha la kubebea nazi, na mkeka au jamvi wanalokalia walaji kulizunguka sinia. Katika kijiji cha Matondoni, kinachojulikana zaidi kwa mafundi wake wa majahazi, wanawake ni mafundi wa ususi. Miaa huchanwa, hukaushwa, mingine huchemshwa kwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa bumba kwa bumba. Ukili ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Ni kazi ya siku nyingi, na ni kazi inayoacha mdomo huru. Wanawake wanapokaa barazani alasiri, kila mmoja na ukili wake, ndipo hadithi zinaposimuliwa, vitendawili vinapotegwa, na binti anaporudiwa kwa methali badala ya kugombezwa. Kofia za mkono, zinazotobolewa vitundu vidogo vidogo na kudariziwa pembe kwa pembe, nazo hushonwa kwa mtindo huo huo wa mikono kufanya kazi na ndimi kuzungumza. Vitabu vya fasihi simulizi hueleza kwamba utanzu huhitaji fanani, hadhira na muktadha. Huo ndio muktadha. Ukitoweka, methali hubaki orodha ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Kwa hivyo kichujio cha plastiki kinapoingia jikoni, hakiondoi kifumbu peke yake. Humwondolea msusi mteja, humwondolea binti sababu ya kukaa kando ya msusi, na huiondolea lugha kitenzi kimoja au viwili. Hasara hizo tatu huja pamoja, ingawa inayoonekana ni ile ya kwanza tu.

Yamkini patakuwa na wanaopinga. Wa kwanza watasema kwamba kuusifu moshi wa jikoni ni kumrudisha mwanamke mekoni. Hoja hii ni nzito na haifai kubezwa, hasa kwa kuwa wahakiki kadhaa wameusoma Utendi wa Mwana Kupona kama mafunzo ya utiifu. Kweli, kukuna nazi kila siku ni kazi ya kuchosha, na moshi wa kuni huumiza macho na mapafu. Mama wa Lamu anayenunua jiko la gesi hana wa kumwomba radhi. Lakini kuhifadhi elimu ya mtu si kumlazimisha aendelee na mzigo wake. Kinyume chake, kumwambia mwanamke aliyefanya kazi kwa miaka hamsini kwamba maneno ya kazi yake hayafai kuandikwa ni kumdhulumu mara ya pili. Kazi ya mwanamume baharini imeandikiwa tenzi. Kazi ya mwanamke haiwezi kuitwa duni kwa sababu tu ilifanyiwa ndani ya kuta.

Wa pili watasema kwamba Lamu imekwisha kuhifadhiwa. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mji una makumbusho, na tamasha la utamaduni huwaleta wageni kutazama mashindano ya majahazi na ya punda. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, hadhi ya UNESCO hulinda kuta, milango na vichochoro, na kabati la makumbusho huonyesha kifumbu kikiwa kikavu na kimya. Mgeni husoma kijikaratasi, hupiga picha, huenda zake. Vitenzi haviwezi kuwekwa ndani ya kabati la vioo. Vinahitaji wasemaji, na wasemaji wanahitaji jambo la kuzungumzia.

Wa tatu watauliza kwa nini wanafunzi wa Kiswahili Sanifu washughulike na lahaja. Jibu limo katika historia ya usanifishaji wenyewe. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, haikukusudiwa kwamba lahaja nyingine zizikwe. Lahaja ni visima vya lugha sanifu. Na visiwani kisima si kimoja: kuna Kiamu, kuna Kipate, kuna Kisiyu, na kuna Kitikuu cha Wabajuni wa Faza, Kizingitini na Kiwayu. Chombo kile kile au samaki yule yule aweza kuwa na jina hili hapa na jina jingine ng'ambo ya mkondo. Ni nani atakayezikusanya tofauti hizo, kama si wanafunzi ambao baadhi yao wamezaliwa huko huko?

Tena njia imekwisha kuonyeshwa. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alifunzwa ushairi nyumbani na nyanya yake. Alipoona kwamba elimu ya kuunda vyombo vya bahari iko hatarini, alitunga Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, akaitia istilahi za mafundi ndani ya utenzi. Katika Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985, aliufanyia mnazi kazi kama hiyo, akaeleza sehemu zake na manufaa yake. Nabhany hakungoja mradi wala ufadhili. Aliwasikiliza wenye kazi, akayapanga maneno yao. Mtu huyo huyo aliyehangaikia istilahi za kale ndiye aliyelipa Kiswahili neno runinga. Hilo ladhihirisha kwamba kulijua la zamani kwa undani ndiko kunakomwezesha mtu kuliunda jipya. Jahazi na mnazi vimepata mshairi wao. Meko na ukili bado vinangoja kupewa nafasi ya namna hiyo.

Basi lifanywe nini? Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wanachama, vina likizo ndefu na vina kurasa za majarida. Kila mwanachama anayekwenda kwao pwani, au popote pale, na aandike kazi moja tu ya nyumbani tangu mwanzo hadi mwisho: mkate wa mofa unavyobandikwa ubavuni mwa tanuri ya udongo, samaki anavyokaushwa kuwa ng'onda, ukili unavyoanzwa na unavyomalizwa. Aandike kwa mpangilio wa kazi, si kwa mpangilio wa alfabeti. Aandike kwa maneno ya msemaji na lafudhi yake, bila kumsahihisha. Msemaji akisema tini, isiandikwe chini. Akisema zombo, isiandikwe vyombo. Ufafanuzi una nafasi yake, nao uje baadaye.

Pamoja na hayo pana sharti moja la heshima. Watafiti wengi wamepita Lamu, wakanywa kahawa, wakajaza madaftari, na waliowasimulia wasione hata ukurasa mmoja wa kilichoandikwa. Wanafunzi wa Kiswahili wasiurithi mwenendo huo. Msimulizi aombwe ruhusa. Atajwe kwa jina akipenda kutajwa. Asifanywe auache ukili wake, ambao ndio riziki yake, bila fidia ya muda wake. Kilichoandikwa kirudi nyumbani kwake, kisomwe mbele yake, akisahihishe. Nakala nyingine iwekwe katika maktaba ya mji, ambako wajukuu zake wanaweza kuisoma. Utafiti usiorudi kwa mwenyewe ni wizi wa adabu nzuri.

Haraka inahitajika. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli zake za kwanza mwezi Mei mwaka 2021, na pamoja nayo huja barabara, wageni, ajira na vyakula vya pakiti. Hakuna anayepaswa kuwaombea watu wa Lamu ufukara ili wahifadhi vifumbu vyao. Watabadilika, kama walivyobadilika tangu enzi za biashara na Uarabuni na Bara Hindi, na mapishi yao yenyewe, kutoka pilau hadi halua, ni ushahidi wa mabadiliko hayo. Swali ni kama watabadilika wakiwa na kumbukumbu au bila kumbukumbu.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Si kwamba msala ni mbaya. Ni kwamba utakunjwa, mwenyewe aende nao, na aliyeutupa mbacha wake atakaa chini. Mwezi wa Ramadhani ujao, mwanafunzi mmoja wa Lamu atakuwa nyumbani kabla ya magharibi, na nyanya yake atamwambia alete mbuzi akune nazi. Alete na daftari.