Mgeni tuliyempa jembe tumpe na uraia

Naomba nami nitoe yangu machache kuhusu Sheria ya Uraia, hasa kile kifungu kinachowahusu wageni waliofunga ndoa na Watanzania. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Mimi si mwanasheria. Lakini jambo hili limeingia nyumbani kwetu, na nyumba kama yetu katika mwambao huu ni nyingi.

Mwaka 2024 Serikali ilipeleka Bungeni mapendekezo ya kuwapa hadhi maalum watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Siwaonei wivu ndugu zetu hao. Wameomba kwa miaka mingi, na wana haki ya kusikilizwa. Ila nilipokuwa nikifuatilia mazungumzo hayo redioni nilijiuliza swali moja. Hawa walioko ng'ambo wamepata wa kuwasemea. Je, wale walioko hapa hapa, wanaolima nasi, wanaovua nasi na kuzika nasi, ambao nao wanangoja sheria ibadilishwe, nani anawasemea?

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinasema kwamba mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Tanzania anayo haki ya kuomba na kupewa uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Hilo ni jambo jema. Lakini mwanamume mgeni aliyemwoa raia wa Tanzania hakutajwa kabisa. Yeye hata akikaa na mkewe miaka thelathini, ndoa yake haimpi chochote mbele ya sheria hiyo. Atatakiwa apite njia ile ile ya mgeni yeyote asiye na mke wala mtoto hapa nchini.

Kwa wasomaji wasioyajua mazingira yetu, naomba nieleze kidogo. Sisi Wanyasa wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ni ndugu na Wanyasa wa Likoma, Nkhata Bay na mwambao wa Msumbiji. Lugha zetu zinasikilizana, na ngoma zetu za mganda na kioda zinachezwa pande zote. Babu zetu walipiga kasia hadi Likoma kusoma katika shule za wamisionari wa UMCA, na kanisa kuu la pale, lililoanza kujengwa mwaka 1903, liliitwa kanisa lao pia. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji tuliwapokea wakimbizi, wakapewa makazi pale Lundo. Baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi kwao, lakini wapo waliokwisha kuoa na kuolewa hapa. Maneno ya mpaka wa ziwani tumewaachia wakubwa wa nchi zetu. Sisi wadogo tumeendelea kuoana.

Dada yangu mkubwa aliolewa na mvuvi kutoka Likoma. Shemeji alikuja kwetu mwaka 2004 kwa mtumbwi, kama babu zake walivyokuwa wakija, bila karatasi yoyote. Hilo lilikuwa kosa, nami sitaki kulificha. Baadaye alijisalimisha mwenyewe, akaelekezwa, akaanza kulipia kibali cha kuishi nchini. Wana watoto wanne. Alishika tofali la kwanza na la mwisho tulipojenga vyumba viwili vya madarasa kwa kujitolea. Katika sensa za 2012 na 2022 alihesabiwa kama sisi sote. Lakini shamba la muhogo anayelilima ni la mkewe, kwa sababu mgeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Ilipokuja amri ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole, akabaki akitumia laini ya mkewe. Hata wenzake wa chombo kimoja wanapoitwa kwenye mambo ya mikopo, yeye hubaki pwani akishona nyavu.

Nyumba ya tatu kutoka kwake anaishi mama mmoja, naye ametoka Likoma, ameolewa na binamu yangu. Huyo alijaza fomu, akafuata taratibu, leo ana kitambulisho cha Taifa na kura anapiga. Wawili hawa walitoka kisiwa kimoja na walibatizwa kanisa moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja ni mke na mwingine ni mume.

Mwaka juzi dada aliugua, ikabidi apelekwe hospitali ya Songea. Fedha zote za nyumba zilikwenda kwenye matibabu, na kibali cha shemeji kikaisha muda kabla hajakilipia tena. Njiani tulisimamishwa, abiria wakaombwa vitambulisho, na shemeji akateremshwa. Siwalaumu waliokuwa kazini, walitimiza wajibu wao. Mimi niliendelea na mgonjwa. Siku mbili dada alikuwa akiniuliza kitandani, "Baba watoto yuko wapi?" nami nikimjibu kwamba anakuja. Alikuja siku ya tatu. Dada alipopata nafuu aliniambia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii: "Mdogo wangu, kama ningekufa, huyu angekaa hapa kama nani?"

Ndugu Mhariri, sikuwa na jibu. Wala sikuwa na jibu siku mtoto wao, ambaye ni mwanafunzi wangu, alipoinua mkono katika somo la uraia na kuuliza, "Mwalimu, kama mama ndiye angekuwa wa Likoma na baba ndiye wa hapa, ingekuwaje?" Darasa zima lilinitazama. Nilifundisha kwamba Katiba yetu inakataza ubaguzi, na kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2000 neno "jinsia" limo katika ibara ya 13. Sasa mtoto ananiuliza swali ambalo Katiba inalijibu kwa namna moja na Sheria ya Uraia inalijibu kwa namna nyingine.

Kifungu hiki kimetoka wapi? Nijuavyo mimi si mila yetu. Ni mabaki ya sheria za Waingereza. Sheria yao ya uraia ya mwaka 1948 ilimruhusu mke wa raia kusajiliwa, lakini si mume, kwa fikra kwamba mwanamke humfuata mwanamume na mwanamume hamfuati mwanamke. Sisi tulipopata uhuru mwaka 1961 tukaichukua fikra hiyo pamoja na mengine. Waingereza wenyewe waliibadili kwa sheria yao ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika Januari 1, 1983. Wenye nguo wameivua zaidi ya miaka arobaini iliyopita, sisi tuliokopeshwa bado tumeivaa! Hii ni kasumba. Katika mwambao wetu mwanamume kuhamia ukweni na kujenga huko si ajabu hata kidogo.

Tena nchi yetu si nchi ya choyo katika jambo hili. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa, wapo wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere alisimama kidete akakataa uraia kupimwa kwa rangi ya ngozi, akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu. Wakazi wengi wasiokuwa raia moja kwa moja wakapewa miaka miwili ya kujiandikisha. Mwaka 1980 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipewa uraia. Halafu Warundi waliokuja mwaka 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000, walikubaliwa uraia na kuanza kupewa vyeti mwaka 2014. Nchi iliyowapokea watu wengi namna hiyo haiwezi kushindwa kumpokea mume wa binti yake.

Bunge letu pia limekwisha kuanza kusahihisha. Zamani mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba tu. Sheria ya mwaka 1995 ikasema baba au mama. Kwa hiyo Bunge lilikubali kwamba mama naye ni mzazi kamili. Linalobaki ni kukubali kwamba mke naye ni mwenzi kamili.

Najua wapo watakaosema kwamba njia ya kawaida ya tajnisi ipo, kwa nini shemeji yako asiifuate? Njia hiyo ipo, lakini ni ndefu kwa mvuvi. Inataka uthibitisho wa miaka ya kuishi nchini kihalali, ada, safari za kwenda na kurudi mjini, na matangazo magazetini. Na mwisho wa yote, kifungu cha 23 kinasema Waziri halazimiki kutoa sababu akikataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha, katika hukumu yake ya Machi 22, 2018 kuhusu mtu aliyenyang'anywa uraia, iliitaka nchi yetu irekebishe sheria ili mwenye mgogoro wa uraia apate pa kulalamikia mahakamani. Ni ushauri mzuri. Hata mwanafunzi anayefeli mtihani hurudishiwa karatasi aone alipokosea.

Wapo pia watakaosema kwamba wanaume wajanja wataoa dada zetu kwa ajili ya kitambulisho tu. Hofu hiyo ina haki yake, lakini ndoa za udanganyifu hazina jinsia. Dawa yake ni muda na uchunguzi. Jirani zetu Wakenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wameweka miaka saba ya ndoa kwa mume na kwa mke, bila kubagua. Sisi nasi tunaweza kuweka miaka yetu, na mjumbe wa nyumba kumi na Serikali ya Kijiji waulizwe. Hakuna anayemjua mtu kuliko jirani yake.

Wengine watataja usalama wa mpaka wetu wa kusini, hasa baada ya vurugu zilizoanza Cabo Delgado mwaka 2017. Mimi naona usalama ndio sababu kubwa ya kuibadili sheria. Mtu mwenye kitambulisho anajulikana jina lake, nyumba yake na alama zake za vidole. Asiye nacho hujifunza kujificha, hata kama hana kosa, na mwovu hupata mahali pa kuchanganyika naye.

Kwa hiyo nawaomba Waheshimiwa Wabunge, hasa wa mikoa ya mipakani, mambo matatu. Kwanza, kifungu cha 11 kibadilishwe ili mume na mke wa raia wawe na haki moja na masharti yale yale. Pili, mwombaji akikataliwa aelezwe sababu na awe na pa kukata rufaa. Tatu, mjane au mgane aliyeachiwa watoto wa Kitanzania asipoteze nafasi ya kuomba kwa sababu tu mwenzake amefariki.

Sisemi milango iachwe wazi. Atakayekuja kwa hila afukuzwe. Shemeji yangu yuko tayari kuukana uraia wake wa Malawi siku atakayoambiwa, maana makaburi ya watoto wake wawili yako hapa kijijini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe miaka ishirini iliyopita, akalima, na mavuno yake tumekula. Hadi leo karatasi zinamwita mgeni. Nawaomba wahusika walitazame jambo hili ili mwanafunzi wangu akiniuliza tena niwe na la kumjibu.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Nyasa,
Ruvuma.