Bora igome kulala

Juzi usiku nimemaliza andalio la somo, nikafunika laptopu, ikagoma kulala. Nilichukia! Nilipochimba, nikaona ina haki.

Kerneli ya Linux, kabla ya kulaza mashine, hugandisha kwanza programu zetu, ndipo ilaze vifaa. Zoezi lenyewe lina kufuli moja, ili wawili wasianzishe safari ya kulala kwa pamoja. Balaa ni pale programu inapoganda huku imeshika kufuli ambalo nyingine inalisubiri. Ni kama mwenzako wa chumba kulala fofofo na ufunguo mfukoni: wewe wa nje utagonga mpaka asubuhi. Anayesubiri hivyo mara nyingi naye hagandi. Kerneli humvumilia, kwa kawaida sekunde 20, ikishindikana inafuta safari na kuwaachia wote waendelee.

Wengine wanaita huo ubovu. Mimi nasema hapana! Heri mashine inayogoma kulala kuliko inayolala isiamke, na andalio lako humo ndani. Ila wewe hifadhi kazi kwanza, ndio ufunike. Mnaonaje? Haya, nawahi kipindi.